Chetezo cha Bi Mardhiya

Bi Mardhiya wa Kilburn, huko Ulaya, alikuwa akiongeza jiko nyuma ya nyumba, maana harusi ya binti yake ilikuwa mwezi ujao na sufuria zake hazikuwa na pa kukaa. Fundi Surjit, mzaliwa wa Kisumu, alichimba mtaro wa msingi. Kwenye kina cha goti akagonga chungu cheusi, kizima.

"Mama, tukisema, kazi itasimama."

"Kwani nani atasema?"

Bi Mardhiya akayakung'utia mawaridi yake majivu yaliyokuwemo chunguni. Akakisugua chungu, akatia makaa na udi, akafukiza nguo zote za harusi. Ijumaa wageni wakakisifu.

"Cha bibi yangu, Unguja," alisema, wala hakupepesa macho.

Jirani yake Placida hakusifu. Kazi yake ilikuwa kuosha vitu vya kale vinavyochimbuliwa kabla majengo hayajajengwa. Wageni walipoondoka na chungu kikapoa, alikigeuzageuza.

"Bibi yako alikuwa Mrumi? Barabara yetu hii ya mabasi waliijenga Warumi. Walizika kando yake. Maiti wengine waliwachoma, wakatia majivu yao chunguni. Humu mlikuwa na nini?"

Bi Mardhiya alitazama mawaridi. Yamenawiri, bila haya. Uso ukamwiva.

"Majivu," alisema. "Nilidhani mbolea. Na nguo za mwanangu nimezifukiza humo."

Placida hakucheka, na hilo ndilo lililouma.

"Nifanye nini?"

"Simamisha kuchimba. Kikionekana kingine, msikitoe wala msikioshe. Pigia simu kaunsili, serikali ya mtaa, walete wachimbaji wa mambo ya kale. Kitu kikiwa palepale kilipolala, wanajua ni cha lini na kililala na nani. Ukishakitoa, umebaki na chungu tu."

"Na jiko?"

"Litangoja. Halivunjwi."

Wachimbaji walipokuja waliuliza nani alimwaga majivu. Surjit alitazama viatu vyake.

"Mimi," alisema Bi Mardhiya.

Walichimba siku sita, kwa miiko midogo na brashi. Wakapata chungu cha pili, wakakinyanyua na udongo wake. Ndani, kati ya mifupa iliyoungua, mlikuwa na shanga ndogo za mtoto.

"Na yule wangu? Alikuwa mtoto au mtu mzima?"

"Hilo hatutajua, mama."

Jiko liliisha siku nne kabla ya harusi. Siku hizi, mtu akianza kuchimba msingi mtaani, Bi Mardhiya huvuka barabara na kusema: "Kabla hujashika sepetu, hebu nikueleze nilivyommwaga mtu."