Nundu Chini ya Goti

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare, Kiherehere alikwenda kwenye karakana ya mjomba wake, fundi wa miguu ya bandia. Jina hilo alipewa na mama yake, maana hakuna kazi aliyoianza bila kutaka iishe papo hapo.

Jumamosi moja kazi ilimhusu mtu wa nyumbani kwao. Mdogo wake, Bingwa, alikuwa amekua, na mguu wake wa bandia ulimbana mpaka ukamchubua. Wenzake walipocheza mpira, yeye alikaa kando na kulinda viatu vyao. Mjomba alikuwa ameshatengeneza sanamu ya plasta yenye umbo la kigutu chake, kile kipande cha mguu kilichobaki, akaiweka mezani juu ya gazeti.

"Izunguke na simu," alisema. "Piga picha kutoka juu, katikati na chini, kila picha ishike kipande cha ile iliyotangulia. Kompyuta itazilinganisha zote na kuunda umbo kamili. Ila plasta isisogee juu ya gazeti, hata kidogo!"

"Hiyo tu, Mjomba? Mbona kazi ndogo!"

Kwenye mzunguko wa mwisho kiwiko chake kiligonga plasta, ikageuka. Aanze upya? Wazo hilo lilimchosha. Akairudisha kwa kukadiria, akamaliza, akanyamaza.

Mchana umbo lilitokea kwenye skrini. Chini ya goti, upande wa nyuma, palikuwa na nundu.

"Mjomba, umenitengenezea ngamia!" Bingwa, aliyekuja kutazama, alicheka.

Mjomba hakucheka. "Labda mwanga ulikuwa mbaya. Basi, nitaipunguza kwa kukisia."

Kiherehere aliutazama mchubuko wa mdogo wake.

"Usikisie, Mjomba. Ni mimi. Niliigonga, nikairudisha kimyakimya."

Mjomba alimtazama, kisha akashusha pumzi ndefu. "Kumbe! Nami naisingizia kompyuta ya watu! Afadhali umesema kabla sijaanza kutengeneza. Haya, shika simu."

Safari hii Kiherehere alizunguka polepole, viwiko kavibana ubavuni. Umbo likatoka safi, bila nundu.

Mguu ulipokamilika, Bingwa alisimama, akapiga hatua, akaruka. Kisha akaupiga mpira aliokuja nao, ukaangusha kopo la gundi.

"Hauumi! Dada, hauumi hata kidogo!"

Kiherehere alicheka huku machozi yakimtoka. Mzigo wote ulikuwa umemtoka kifuani.

Mjomba aliokota kopo lake bila kugomba. "Mpwa wangu, kompyuta inajua kile tulichoionyesha tu. Hata mimi ni vivyo hivyo. Kugonga plasta si dhambi, nani hana kiwiko? Ubaya ni kuficha. Ungeficha wewe, angechechemea yeye."