Kilio cha Beda Kwenye Albamu

Usinibenulie mdomo, Mama Beda. Marsiana ni rafiki yangu, na mimi waongo siwafugi.

Unamjua, ndiye anayeongoza vilio misibani hapa Malangali. Mwanao alimkuta ghalani akipukuchua mahindi, akataka sauti yake kwenye albamu ya kundi lao, ule muziki wa blakimeto, gitaa linakwaruza na watu wanapayuka.

"Shikamoo, bibi. Tulilie kidogo."

"Marahaba. Kilio hakitoki bila jina la marehemu. Nimlilie nani?"

"Nililie mimi," akacheka huyo mpumbavu wako.

Marsiana naye, kwa kupenda sifa, akafunga mlango, akamlilia Beda gizani mbele ya simu inayorekodi.

Waliposikiliza, nyuma ya kilio yakasikika majembe yakichimba ardhi kavu. Jirani hakuna aliyekuwa akichimba.

"Tamu hiyo, isifutwe!" akasema mwanao.

Kila wakiipiga rekodi hiyo, majembe yanasikika yamefika chini zaidi.

Leo Marsiana kaisikiliza tena. Majembe yamekoma. Sasa udongo unarudishwa kwa koleo, na chini yake sauti ya Beda inakuita wewe.

Hapana, sijui mwanao alipo. Naondoka, na mlango naufunga mwenyewe.