Redio ya Marehemu Mzee Farah

Redio ilikohoa kabla Jalal hajaitia mawe ya betri.

Alikuwa ameilaza mezani kifudifudi, mgongo wazi, na kikohozi kikatoka kwenye spika kama cha mtu anayebisha hodi kwa adabu. Jalal alicheka peke yake. Fundi aliyekaa miaka kumi na tisa kwenye kibanda cha Free Area, Nakuru, amesikia redio zikikoroma, zikilia na kupiga miluzi, na kila mara kuna sababu: kapasita imebakisha chaji, spika imepasuka, au mende wamehamia ndani. Hakujiuliza ni chaji gani hiyo inayokaa miaka mitatu.

Ilikuwa redio ya kubebwa, ya masafa mafupi, yenye mkoba wa ngozi na eriali ndefu iliyopinda. Mwenyewe alikuwa marehemu mkwewe, Mzee Farah, aliyekuwa mlinzi kwenye machimbo ya Kariandusi, na vumbi jeupe la huko lilikuwa bado limeziba matundu ya spika. Aliyeileta ni shemeji yake Hafiz, kutoka Gilgil, Jumatatu asubuhi.

"Shemeji, hii usimpe fundi mwingine," Hafiz alisema. "Ifungue wewe mwenyewe, na mkono wako. Mathe akisikia redio ya mzee, pengine ataongea."

Maneno hayo yalimgusa Jalal mahali penyewe. Mama mkwe wake, Kuluthum, alipoteza sauti wiki moja tu baada ya kumzika mumewe. Daktari mmoja alisema kiharusi, mwingine akasema huzuni, na kwa miaka mitatu mama wa watu alikuwa akiomba chai kwa ishara. Jalal alimpenda sana. Alipokwenda kuposa akiwa hana mbele wala nyuma, ni Kuluthum aliyesimama akamtetea. Basi akajiapiza ataifufua redio ile hata ikimla wiki nzima.

Akaanza palipo rahisi. Springi za betri zilikuwa zimeota kutu ya kijani, akazisugua kwa siki na msasa laini. Swichi ya bendi aliipulizia dawa na kuizungusha mara hamsini hadi ikaacha kukwaruza. Kapasita tatu zilikuwa zimekauka, akazing'oa na kulehemu nyingine. Halafu, nyuma ya springi ya mwisho, akakuta kikaratasi kilichokunjwa kikawa kigumu, kimezungushiwa uzi mweusi.

Hapo ndipo alipokosea, na ni fundi tu angekosea hivyo. Kila siku watu humletea redio zilizoshindiliwa karatasi ya sigara au kipande cha boksi ili mawe yakaze. Mtu mwingine yeyote angeona hirizi. Jalal aliona ujanja wa mzee wa kubana springi. Akaichomoa kwa kibano, akaitupa kwenye ndoo ya taka, akavuta springi ikasimama vizuri, akatia mawe manne mapya.

Najwa, binti yake wa pekee, wa miaka saba, alikuwa ametoka shule na kujipakia kwenye kiti cha wateja. Mtoto huyo aliongea tangu kuamka hadi kulala, na akikosa mtu aliongea na viatu vyake.

"Baba, imepona?"

"Ngoja tusikie."

Ulikuja mvumo, kisha watu wa mbali wakinong'ona kwa lugha isiyojulikana, kisha kimya. Si kimya cha redio iliyokufa. Kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza. Kibanda kikanuka udi, na chini ya udi harufu ya chokaa iliyomwagiwa maji.

"Haloo," redio ikasema, kwa sauti kavu isiyokuwa ya kiume wala ya kike.

"Haloo!" Najwa akajibu, akiinama mpaka midomo ikaribia spika. "Mimi naitwa Najwa Jalal!"

Jalal akazima haraka. Najwa alikuwa bado anaongea. Midomo ilikwenda, mikono ilikwenda, lakini hakuna kilichotoka. Alidhani ni mchezo, akacheka, na kicheko nacho hakikutoka. Ndipo alipoanza kulia, machozi tele, kimya kabisa.

Mama yake, Fardosa, alikuwa mwalimu wa chekechea. Alipowaona wakiingia nyumbani na kusikia habari, hakuuliza mtoto ameanguka wapi wala amekula nini. Alimtazama mumewe na kusema polepole, "Lakini si ni wewe uliifungua?"

Jalal alifikiri ni kuchanganyikiwa kwa mzazi.

Siku mbili walishinda hospitalini. Koo lilimulikwa, masikio yakamulikwa, na hakuna kilichoonekana. Siku ya tatu, saa saba mchana, Jalal alirudi kibandani kuchukua simu aliyoisahau, na kabla hajaifikia meza akasikia mtu akihesabu ndani ya droo, moja, mbili, tatu, kwa ile namna ya Najwa ya kuruka sita na kurudi kuichukua baadaye, na akaifungua droo huku anajua kabisa kwamba mawe yote manne aliyatoa Jumatatu ile ile na yako mfukoni mwake, na redio ikaacha kuhesabu, ikavuta pumzi kama mtoto anavyovuta akitaka kulia, ikasema, "Baba, huku ni baridi, na huyu mtu hanipi nafasi."

Aliifunga redio kwa leso, akaibeba hadi Gilgil. Kama kuna mtu wa kumweleza mambo ya redio ile, alijua, ni Hafiz.

Alibisha langoni. Kutoka ndani sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye furaha, ikamwitikia, "Karibu, baba, lango liko wazi!"

Jalal alisimama pale pale. Miaka mitatu hajaisikia sauti hiyo. Kuluthum alitokea uani akikausha mikono kwenye kanga, anacheka, anaongea, na Jalal, mjinga wa watu, moyo wake uliruka kwa furaha kabla akili haijafika. Kisha mama akaiona leso na kilichofungwa ndani yake.

"Nani amekupa hiyo?" alinong'ona. "Hafiz! Hafiz, uliniambia uliizika!"

Hafiz alitoka chumbani. Hakusalimia.

"Mama alianza kuongea lini?" Jalal aliuliza.

"Jumatatu," Hafiz akasema, macho chini. "Saa nane mchana."

Ndiyo saa ile Najwa alipoitikia haloo. Kuluthum alipoambiwa mjukuu wake hana sauti, alipiga yowe, akainyakua redio, akaishika kwa mikono miwili. "Chukua yangu! Nakupa kwa hiari yangu, umwache mtoto!" Redio ilimjibu kwa kicheko cha Najwa, kile kicheko cha kupaliwa na uji, hadi mama akaiweka chini na kuziba masikio.

"Haimrudii mtu iliyemwacha," alisema akilia. "Mzee alilichukua jini hili machimboni, akalifunga kwa hirizi. Alipokufa hirizi ililegea, mimi nikaliitikia nikidhani ni yeye ananiita, ndipo Hafiz akaikaza hirizi tena. Mtu akijitoa mwenyewe linamchukua yeye, linamwacha wa kwanza. Lakini si mimi tena."

Jalal alimgeukia Hafiz. Hafiz alirudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni.

"Mwalimu wa ramli alisema hirizi iondolewe na mtu asiye wa damu yetu, na asijue anachofanya," alisema. "Mathe atapona. Shemeji, haki ya Mungu hatukujua kuhusu mtoto."

"Hatukujua, wewe na nani?"

"Muulize mama Najwa," Hafiz akasema.

Jalal aliifunga tena redio kwa leso, na njia nzima ya kurudi Nakuru alikuwa akitafuta maneno mengine ambayo Hafiz angeweza kuwa alimaanisha. Hakuyapata.

Fardosa alikuwa sebuleni. Najwa alikuwa amelala chumba cha pili. Jalal aliweka redio mezani katikati yao, akafungua leso.

"Mama yako anaongea," alisema.

Fardosa alifumba macho. Wallahi, furaha ilimpita usoni kwanza, na Jalal aliiona.

"Ulijua?"

"Niliambiwa itachukua sauti ya atakayeifungua," alisema kwa sauti ya chini, kama anamwogopa aliye mezani. "Yako, baba Najwa. Si ya mtoto. Ningejua ni ya mtoto ningekufa kwanza."

"Yangu."

"Wewe kazi yako ni ya mikono. Mtu anaweza kutengeneza redio bila kuongea. Nililia, nikafikiria, nikasema... wewe ungevumilia."

Miaka kumi ya ndoa, na mke alikuwa amekaa mahali akampima hivyo. Jalal alisukuma redio upande wake. Alimweleza alivyosema Kuluthum, kwamba anayejitoa kwa hiari humkomboa mtoto. Fardosa alinyoosha mkono hadi vidole vikagusa ngozi ya mkoba. Akafungua mdomo. Redio ikanong'ona, "Mama?" kwa sauti ya binti yake, na Fardosa akarudisha mkono, akaziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili.

"Nitafundishaje?" alilia ndani ya viganja. "Nitafundishaje, Jalal?"

Jalal aliichukua. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu. Aliinama karibu na spika.

"Mimi Jalal natoa sauti yangu kwa hiari yangu, mwachie mwanangu," alisema, na koo likaanza kupoa. Alijua yamebaki maneno machache sana, na akayatumia akimtazama mkewe. "Fardosa binti Farah, nimekuacha."

Alisema mara moja, kwa makusudi. Talaka moja mtu anaweza kuirejea, na pamoja na yote alitaka abakishe mlango.

Kutoka chumba cha pili Najwa aliita, "Baba?" Akaita tena kwa nguvu, na baba yake akaenda mbio kwa sababu hakuweza kuitika.

Jioni hiyo Jalal alimbeba mtoto wakahamia kibandani. Redio aliiacha pale mezani. Fardosa aliipeleka Gilgil, lakini kaka yake hakufungua lango, na alipoitupa jalalani aliikuta asubuhi mlangoni imefutwa vumbi.

Siku ya pili, baada ya adhana ya alasiri, redio isiyo na jiwe hata moja ilimwita kwa sauti ya mumewe, taratibu, kwa mapenzi kabisa.

"Fardosa binti Farah, nimekuacha."

Alijifungia jikoni. Siku ya tatu, wakati ule ule, ikamwita tena, ikarudia, na hapo zikatimia talaka tatu.