Gasketi ya Mwasiti

Jumamosi hiyo ya mwaka 1987 soko la Shinyanga lilijaa hadi wauza dagaa wakapanga mafungu kwenye njia ya mikokoteni. Kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu alikuwa akipenya katikati ya watu, ameshika kwa vidole viwili kikaratasi cheusi kilichochanika. Tone la oili likadondoka juu ya khanga iliyotandikwa pembeni ya meza ya katambuga, viatu vya matairi.

"Kaka, hiyo oili unaimwaga au unaipeleka mahali?"

Aliyeuliza alikuwa Mwasiti, mwanamke wa miaka ishirini na minne, gauni la kitenge cha njano, nywele amesuka twende kilioni. Binti yake mdogo, Tabu, alikuwa amelala chini ya meza.

"Nisamehe, dada. Naitwa Salehe, fundi wa pale karibu na reli. Nimeelekezwa kwa mzee anayekata gasketi za kuzibia maungio ya injini."

"Mzee alikuwa baba yangu. Alifariki mwaka juzi, mkasi umebaki kwangu."

"Kwako wewe?"

"Unataka gasketi au unataka ndevu?"

Salehe akacheka, meno yake meupe yakaonekana katikati ya uso uliopakaa grisi. Akaeleza shida yake. Mzee Akida, mfanyabiashara wa Maganzo, alikuwa na pikapu ya dizeli yenye turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, ambayo mafundi wengi mjini waliogopa hata kuifungua boneti. Oili ilikuwa ikivuja chini ya turbo, pale bomba linapoirudisha kwenye tumbo la injini.

"Nikatie ya ule mpira mgumu wa pampu za mgodini," alisema. "Wa tyubu hapana. Nimezunguka mji mzima, kila mtu ananiambia hana. Nikasema, Shinyanga haiwezi kukosa mtu."

Mwasiti hakuwa nao. Kipande cha mwisho alikiuza Alhamisi. Chini ya meza palikuwa na tyubu ya trekta, nyeusi vilevile, nene vilevile. Marehemu baba alimwambia mara nyingi: tyubu ni ya maji, mwanangu, oili huivimbisha. Lakini yule kijana alikuwa akimwangalia kama mtu aliyefika mwisho wa safari, na neno "sina" likamkwama kooni.

"Upo," alisema.

Akakata, akatoboa matundu. Salehe akaigeuza gasketi mkononi, akaisifu.

Kuanzia siku hiyo kila jioni alimpitia na baiskeli, Tabu mbele, Mwasiti nyuma na daftari lake, akawapeleka hadi kwenye darasa la watu wazima.

"Ukimaliza kusoma utaniacha," alimtania.

"Nitakuacha vipi wakati baiskeli ni yako?"

"Basi mwezi wa Mfungo Mosi ukiandama, namtuma mshenga kwa mjomba wako. Baiskeli iwe yetu sote."

Mwasiti aliegemeza paji la uso kwenye mgongo wake. Mara mbili alitaka kumwambia habari ya gasketi, na mara zote mbili akaona gari linakwenda vizuri, akanyamaza.

Wiki ya tatu pikapu ilirudi.

Mwasiti alikuwa amepeleka chakula gereji, michembe ya viazi vitamu na maharage kwenye bakuli la bati. Gari liliingia likitoa moshi wa bluu, hata wauza nyanya wakaziba pua. Mzee Akida akashuka, kanzu yake nyeupe ina madoa meusi.

"Ringi za pistoni zimekwisha," alisema Ngassa, fundi wa gereji ya jirani, mtu asiyepitwa na jambo. "Fungueni injini."

"Subiri," Salehe alisema. "Ingekuwa maji, moshi ungekuwa mweupe. Dizeli ikizidi, mweusi. Huu wa bluu ni oili inaungua. Tutazame inaingilia wapi."

Akafungua ekzosi. Upande wa injini, kabla ya turbo, palikuwa pakavu. Baada ya turbo palilowa, panang'aa.

"Unaona, Ngassa? Ringi ni nzima. Oili inapitia kwenye turbo." Kisha akageuka. "Mama Tabu, ile gasketi ulisema ni ya mgodini, sivyo?"

Macho yote yakamwelekea. Bakuli lilikuwa bado mikononi mwake.

"Ndiyo," alisema.

"Basi ni turbo yenyewe. Imekufa."

"Ilikuwa nzima mpaka ulipoigusa wewe," alisema Mzee Akida mbele ya watu wote. "Nitaagiza nyingine Nairobi, hata ichukue miezi. Na gari la Maganzo halitaingia tena kwako, fundi wa kubahatisha."

Jioni hiyo Salehe alikuja bila baiskeli.

"Nakwenda Geita. Wachimbaji wanahitaji mtu wa pampu."

"Na mshenga?"

"Mjomba wako atamuuliza mimi ni nani. Atamjibu nini, Mwasiti? Mkono wangu umeharibu mali ya mtu na sijui nimekosea wapi."

Alimbusu Tabu kwenye utosi, akaondoka.

Mwasiti alijidanganya siku mbili kwamba labda turbo ilikufa kwa kuwa siku zake zimekwisha. Siku ya tatu akachukua bakio la ile tyubu, akatoboa tundu la ukubwa wa kidole, akalitumbukiza kwenye kopo la oili, akaliweka pembeni ya jiko la mkaa. Kila alipopika alilipasha moto. Baada ya siku nne akalitoa kwa kijiti. Lilikuwa limenenepa, laini kama ini, na tundu limebaki la punje ya mtama. Oili ilikuwa inashuka kwenye turbo, haipati pa kutokea, inafurikia kwenye ekzosi.

Akajitanda khanga, akaenda posta, akaomba Salehe aitwe kwenye simu huko Geita.

"Mwasiti, kibanda namba mbili," aliita karani. "Geita iko hewani. Dakika tatu."

Mlango wa kibanda haukufunga. Kwenye foleni, nyuma ya watu wanne, alikuwapo Ngassa na barua yake. Mwasiti alimwona. Akashika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Halo? Salehe?"

"Nani? Sikusikii. Pandisha sauti."

"Ni mimi. Turbo haijafa."

"Sikusikii, mpenzi."

Akafumba macho, akapaza sauti, posta nzima ikatulia.

"Gasketi ilikuwa ya tyubu! Nilikudanganya. Sikuwa na mpira wa mgodini. Niliona haya kukwambia sina. Ukaniuliza mbele ya watu, nikakudanganya tena."

Laini ilivuma.

"Bolti mbili tu," sauti ya Salehe ilisema hatimaye, polepole.

"Nini?"

"Kufungua pale ni bolti mbili. Mkono ulitaka kufungua. Nikaona aibu, ungedhani sikuamini. Fundi haulizi mdomo, anafungua. Na mimi nimekosa."

Simu ikakatika. Mwasiti alipita mbele ya foleni akiangalia chini.

Jumatano Salehe alishuka kwenye basi na karatasi halisi ya gasketi, ameikunja ndani ya gazeti. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mwasiti. Akachukua mkasi mezani, akampa.

"Kata. Palepale gereji."

Mzee Akida alikuwapo na pikapu yake, ameitwa. Salehe alifungua bolti mbili, akatoa gasketi ya zamani, imevimba, tundu limejifunga. Mwasiti akasema mbele yao wote, "Hiyo ni kazi yangu, mzee. Fundi hana kosa." Akakata mpya, Salehe akaifunga.

Injini ikawaka. Moshi wa bluu ukamwagika uleule, na Ngassa akaguna. Mwasiti akavuta khanga usoni.

"Usijifunike," Salehe alimwambia kwa upole. "Huo ni wa oili ya zamani iliyolala kwenye ekzosi. Lazima uungue wote."

Wakasimama pamoja wakiungoja. Ukapungua, ukawa uzi, ukaisha. Mzee Akida akaweka leso yake mdomoni mwa ekzosi, akaitazama. Haikuwa na oili.

"Nilikuvunjia heshima hadharani, kijana," alisema, akiikunja leso taratibu. "Kama bado hujapata mshenga, nipe mimi kazi hiyo."

Salehe alimtazama Mwasiti. "Nimpe?"

"Mpe. Lakini amweleze mjomba yote, na la tyubu."

Ngassa alikohoa nyuma yao. "Mama Tabu, wabeja, asante kwa onyesho. Nina pampu ya trekta inavuja oili. Ule mpira wa mgodini unao?"

"Sina," alisema Mwasiti.

Neno lilitoka jepesi, na Salehe akaanza kucheka.