Noti Zilizofungwa kwa Mpira

Kila Jumamosi Naisenya aliamka mapema, akateka maji kabla foleni ya bomba haijarefuka, kisha akamsaidia mama yake kupanga nyanya kwenye kibanda chao karibu na soko la Kitengela. Jumamosi hiyo kibanda hakikufunguliwa. Bibi yake, ambaye wote walimwita Kokoo, aliishi Longido ng'ambo ya mpaka, na sasa alikuwa katika hospitali moja mjini Arusha akisubiri kutolewa mtoto wa jicho. Naisenya na mama yake walikuwa wakimpelekea ada ya upasuaji.

Walifika Namanga, mpakani, saa nne. Mama alimkabidhi Naisenya shilingi elfu tano.

"Hizi ni za chakula na malazi," alisema. "Zingine niko nazo mimi. Keti hapa na mkoba. Nikimaliza kugongesha muhuri vibali vyetu tutabadilisha pesa ndani, dirishani."

Foleni ilisonga polepole. Mara mwanamume mwenye kofia nyekundu akaketi kando ya Naisenya na kumsalimia.

"Sopa, dada. Unabadilisha? Ndani wanatoa kumi na tisa kwa shilingi moja. Mimi nitakupa ishirini na tatu."

Naisenya, ambaye hesabu haikumpiga chenga, alikokotoa upesi. Shilingi nne zaidi kwa kila moja! Angepata elfu ishirini za ziada za Tanzania, na mama angefurahi kupita kiasi. Alitazama foleni. Mama alikuwa amempa kisogo.

"Hesabu nione," alisema.

Mwanamume alihesabu noti za elfu kumi kumi mbele ya macho yake, akaongeza moja ya elfu tano, akazikunja, akazifunga kwa mpira. Naisenya alipomkabidhi zake tu, sauti ikapazwa nyuma yao: "Askari! Ficha!" Alisukumiwa bunda mkononi. Alipoinua macho, kofia nyekundu haikuonekana tena. Mama aliporudi alisema dirisha la pesa limefungwa, watabadilisha Arusha; Naisenya akaficha bunda, akitaka kumshangaza.

Basi lilipokuwa limeipita Longido, Naisenya alifungua lile bunda chini ya sweta. Juu kulikuwa na noti moja ya elfu kumi. Zilizobaki zilikuwa karatasi nyeupe, zimekatwa vizuri kwa kipimo cha pesa.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza huku akimpa nusu ya chungwa. "Kichwa kinauma?"

"Hapana, yeyo," Naisenya alimjibu mama yake.

Angeweza kusema pesa zilianguka. Angeweza kusema aliibiwa akisinzia. Nani angejua? Lakini kila alipoupanga uongo wake, aliona itambidi kuulinda kwa mwingine.

Penye lango la hospitali alisimama. "Yeyo, ngoja. Nilibadilisha pesa nje. Nimetapeliwa." Akamwonyesha zile karatasi.

Mama alizigeuza moja baada ya nyingine. Hakupaza sauti. Aliingia msalani, akatoka na kitita alichokuwa amekishonea ndani ya pindo la sketi. Ada ya Kokoo ilikuwa salama.

"Nyumba ya wageni ndiyo imekwenda," alisema. "Tutalala kwenye benchi la hospitali."

Walilala kwenye benchi siku mbili, wakila maandazi na chai ya rangi. Asubuhi ya tatu bandeji iliondolewa. Kokoo alipepesa jicho, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu.

"Naisenya, umekuwa mrefu hivyo tangu lini?" aliuliza, na Naisenya akacheka huku akilia.

Mchana huo mama alimpa shilingi elfu moja za Kenya za kununulia dawa ya macho. "Nenda ukabadilishe."

"Mimi?"

"Ni nani mwingine?"

Naisenya aliingia katika duka la kubadilishia pesa lenye leseni ukutani. Alisoma bei kwenye ubao, akahesabu kila noti palepale dirishani, akaomba risiti. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alizipokea na kuzihesabu tena.

"Zimetimia," alisema. "Sikiza, mwanangu. Ugenini usitoe pesa barabarani, na usiziweke zote mahali pamoja. Anayekupa zaidi kuliko wengine wote, jiulize anazitoa wapi. Hayo umejifunza kwa elfu tano. Lakini ungenidanganya pale langoni, leo nisingekutuma."

Wakaenda pamoja kununua dawa.