Jina Lililoandikwa Kabla ya Siku ya Tatu

Anayetaka kubisha abishe, lakini mimi nilikuwa pale Zombe mwaka wa 1999 na nikayaona yote kwa macho yangu haya mawili, kwa sababu jenereta ya ile ofisi ya chakula cha msaada haikukubali kuwaka kwa mkono wa mtu mwingine. Hata Nzomo, mkubwa wa ofisi, na digrii zake, aliniita injinia.

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa kidogo tu. Mbula, karani, aliona jina moja limejiandika mara mbili.

Nzomo alikuwa na simu ya mkono, ya kwanza kuonekana huko kwetu. Mtandao ulikuwa haujafika Zombe, kwa hivyo aliitumia kama daftari. Akizunguka vijijini aliandika humo majina ya wenye njaa, na kila Ijumaa aliiunganisha na kompyuta kwa waya ili orodha mbili zilingane, cha huku kiwe na kule.

Ijumaa hiyo orodha ilikuwa inafungwa kwa miezi mitatu, na asiyeandikwa hapati kitu. Na binti yake Mbula, Nthenya, alikuwa amejifungua jana yake. Sisi Wakamba mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo bado ni wa mababu, hajawa mtu. Mbula alilijua hilo vizuri, lakini ukame ulikuwa mwaka wa pili.

"Si ataitwa Kavata, kama marehemu mama ya baba yake? Nani hajui?" alijiambia, akaandika. Saa nane Nzomo akachomeka waya.

Kavata wakawa wawili.

"Mama, umeandika mara mbili," Nzomo alisema. "Futa moja."

Mbula akafuta kwenye kompyuta, simu ikarudisha. Nzomo akafuta kwenye simu, kompyuta ikarudisha. Wakafuta kote kote, wakachomoa waya, na majina yakarudi bila waya. Ofisi ikajaa harufu ya udongo ulionyeshewa, na nje vumbi lilikuwa linapaa. Halafu simu ikaanza kulia, si mlio wake, bali kilio cha mtoto mchanga.

"Nani anapiga?" Mbula alinong'ona.

"Hapa hakuna anayeweza kupiga, mama."

Mbula alikimbia nyumbani bila viatu. Alimkuta Nthenya amekaa kitandani, ameduwaa.

"Mwaitu, mama yangu, hajalia tangu saa nane. Anafungua tu mdomo. Na titi amelikataa."

Mbula aliinama. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote, uso umekunjamana, machozi yanatiririka, na hakuna sauti.

Jumamosi wanawake walikuja kutoa jina, na Mbula hakuweza kuwarudisha, kwa maana siku ya tatu ikipita bure mtoto hubaki wa mababu moja kwa moja. Simu alikuwa ameiomba kwa Nzomo, akaiweka ndani ya kiondo karibu na kitanda, akitumaini kilio kitamrudia mwenyewe. Na shangazi mkubwa Mbinya alipomwinua yule mtoto aliyekuwa amelegea kama kitambaa kilicholoa, akamtazama usoni na kuita, "Kavata," ndani ya kiondo sauti ya mwanamke mzima, tulivu, kama ya mtu aliyengoja kuitwa miaka mingi, ikajibu, "Nipo hapa."

Waliitwa wazee wa kanisa, wakaomba mpaka wakakauka koo. Mwishowe Mbula akamtuma mtu kwa Mzee Faki, yule Mswahili wa msikitini. Akina mama wa kanisa waliokuja na wazee walimkubali kwa sharti moja, wao wenyewe wangoje nje wasionekane naye.

Faki aliisikiliza simu kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mlimpa jina kabla hajawa mtu," alisema polepole. "Jina lilikaa tupu, jini akaingia. Sasa sauti ya mtoto iko kule naye."

"Tuiponde hiyo simu, mzee?"

"Ponda, uponde na sauti ya mjukuu wako."

Mbula alikaa chini. "Basi tumefungwa."

"Mwachieni jini hilo jina. Huyu mpeni lingine, lisiandikwe popote maisha yake yote."

"Hata kwa rejista ya shule?"

"Hata kwa msalaba wa kaburi."

Mbinya akanong'ona jina sikioni mwa mtoto. Mtoto akavuta pumzi, akalia mpaka mbuzi wakashtuka, akalitafuta titi. Kiondo kikanyamaza. Na Mbula, mwenye kazi ya kuandika watu, akalia, kwa kuwa mjukuu wake ameishi na hataandikwa milele.

Jumatatu magunia yaligawanywa. Fungu la Kavata lilipofikiwa, lilikuwa limeshachukuliwa. Kwenye karatasi, mahali pa sahihi, palikuwa na alama ya kidole gumba, mbichi, ndogo kama punje ya mtama.

Yote ni kweli, hata ile harufu. Jambo moja tu nimelitunga, hilo jina Kavata. Lile lenyewe ninalikumbuka, lakini ningeliandika hapa, wewe ungelisoma, na pengine ungelitamka.