Mapigo Mia na Arobaini

Haya yalimpata rafiki yangu, mkunga wa miaka kumi na tisa kazini. Kila akinisimulia, haongezi wala hapunguzi neno.

Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika zahanati. Wifi yake, mke wa kaka yake, alifika na mimba ya miezi minane. Mtoto hakuwa amecheza tangu jana. Mkunga akamlaza, akachukua kipimo cha betri chenye spika, kile cha kusikilizia moyo wa mtoto, akampaka jeli tumboni.

"Baridi hiyo, wifi! Ni lazima?"

"Lazima. Mawimbi ya sauti ya kipimo hiki yakikuta hewa hayaendi mbele. Bila jeli, bila ngozi, hakisikii kitu."

Chumba kilikuwa giza. Kwa dakika nne spika ilitoa mkwaruzo mtupu, na wifi akabana pumzi. Kisha yakaja mapigo, ya haraka, yasiyoyumba. Mkunga akayahesabu kwa saa ya mkononi: mia na arobaini kwa dakika.

"Kumbe kalala tu," akasema. "Mvivu kama baba yake."

Wifi alicheka huku analia. Akajifuta tumbo, akavaa viatu, akatoka. Sauti yake ikasikika kutoka ukumbini, akiongea na mumewe kwenye simu: "Mzima! Moyo nimeusikia kwa masikio yangu."

Mkunga alinawa mikono, akageuka akizime kipimo. Kichwa cha kipimo, kile kinachowekwa tumboni, alikuwa ameshakipangusa na kukilaza kwenye trei, kikavu, hakigusi mtu. Spika ilikuwa bado inadunda. Akahesabu tena: mia na arobaini.